Kumwonyesha Mtoto Seli ya Mmea na ya Mnyama: Mwongozo kwa Walimu na Wazazi wa Nyanda za Juu Kusini

Maswali ni yaleyale kila muhula. Mwalimu wa shule ya msingi kule Makambako anataka kujua kama seli zinafundishika bila hadubini. Mzazi wa Uyole ana mtoto aliyepewa kazi ya kuchora seli mbili, na mchoro wa kitabuni una mishale mingi ambayo hata mzazi mwenyewe haielewi. Mwalimu mwingine, wa Mufindi, hadubini anayo, imo kabatini na nailoni yake, ila kila akichungulia anaona giza tupu. Badala ya kumjibu mmojammoja, nimeyaweka majibu hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Nakuchukulia kuwa una watoto wa kati ya miaka tisa na kumi na nne, una mchana mmoja au miwili, na hela ya kitunguu haikushindi.

Kabla hujagusa kitu

Mtoto aone kwanza, jina lije baadaye. Siku ya kwanza majina manne yanatosha: seli, ukuta wa seli, utando wa seli, kiini cha seli. Mitokondria, ribosomu na sehemu nyingine ndogo za ndani ya seli zisubiri. Si kwamba watoto hawayawezi majina hayo. Wanayaweza mno: wanayaimba, wanafaulu jaribio, halafu ukiwauliza kama kitunguu cha jikoni kina seli wanatazamana. Tena hadubini ya kawaida ya shule haitakuonyesha mitokondria za maana. Ukiwaahidi, watazitafuta, na wasipoziona watazichora hivyohivyo ili wakufurahishe.

Nadharia unayohitaji ni hii tu. Kila kiumbe hai kimejengwa kwa seli, moja au nyingi. Seli ya mmea na ya mnyama zote zina utando unaozunguka, uteute wa ndani uitwao saitoplazimu, na kiini. Ya mmea huongeza ukuta mgumu nje ya utando na vakuoli, yaani kifuko kikubwa kilichojaa maji katikati. Na kwenye sehemu za kijani huwa na kloroplasti, ambazo ndizo zinazotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Mengine yote yataibuka kutokana na watakachokiona.

Vinavyohitajika

- Kitunguu chekundu, kikavu na kigumu. Vya Ruaha Mbuyuni vinafaa sana. Kilichoanza kuchipua au kulainika kiache kiende kwenye mboga.
- Nyanya iliyoiva sana na kiazi mviringo kimoja.
- Yai moja la kisasa na, ukipata, moja la kienyeji.
- Iodini ya duka la dawa, ile ya kahawia ya kusafishia vidonda. Chupa ndogo inatosha shule nzima.
- GV, ile dawa ya zambarau. Kama sekondari ya jirani wana methilini bluu, omba matone machache, maana ni nzuri zaidi kwa seli za shavu.
- Wembe mpya (wa mtu mzima, si wa mtoto), kibano cha nyusi, sindano ya kushonea, mrija wa soda wa kudondoshea maji.
- Vijiti vya pamba vya masikioni, kimoja kwa kila mtoto.
- Slaidi (vile vioo bapa vya kuwekea kitu cha kutazama) na vile vioo vyembamba vya kufunikia. Vioo vikiisha, kata vipande vidogo vya nailoni ngumu angavu kutoka kwenye pakiti. Picha haitakuwa safi sana lakini kazi itakwenda.
- Karatasi ya chooni, maji safi, chumvi.
- Karatasi nyeupe na penseli. Kalamu ya wino usiiruhusu, kwa sababu mtoto akikosea hataweza kufuta, ataacha hivyohivyo.
- Lenzi ya mkono, na hadubini.

Kuhusu hadubini: usisubiri shule ya msingi iletewe ya kwake. Sekondari kadhaa za kata zina angalau moja maabarani. Mwandikie barua mkuu wa shule, na badala ya kuomba uiazime, omba uwapeleke watoto wako huko saa za mchana. Ni rahisi kukubaliwa, maana hakuna anayependa kusaini lenzi itoke getini. Kama shuleni kwenu wamekuja walimu wa mazoezi wanaosoma sayansi, kutoka Mkwawa au chuo kingine, wakabidhi zoezi hili. Wengi wao wameishika hadubini majuzi kuliko wewe na mimi.

Ukikosa kabisa, kuna njia ya simu. Mwombe fundi wa redio akutolee lenzi ndogo ya tochi ya leza au ya deki ya DVD iliyokufa. Kama ni tochi ya leza, betri zitoke kwanza kabla ya kitu kingine chochote, maana mwanga wake unaharibu jicho. Bandika lenzi hiyo juu ya kamera ya simu kwa selotepu bila kuziba katikati. Slaidi isogee milimita chache tu kutoka kwenye lenzi, na mwanga utoke chini, kwa mfano tochi ya simu ya pili chini ya karatasi nyeupe. Seli za kitunguu utaziona. Za shavu usijisumbue, kwa njia hii ni bahati nasibu.

Kwanza, macho matupu

Watoto wa chini ya miaka tisa wanaweza kuishia hapa bila kupungukiwa na kitu.

1. Kata nyanya iliyoiva, chota nyama yake kidogo kwa ncha ya kijiko (si mbegu, si maji), ipakaze nyembamba kwenye kioo na uinyanyue kwenye mwanga. Kwa lenzi ya mkono utaona vipovu vidogo vinavyong'aa, vimeachana. Seli za nyanya ni kubwa, na nyanya ikiiva zinaachiana zenyewe. Mpe kila mtoto zamu yake, usimwambie ni nini. Muulize: vinafanana? vimeshikana?

2. Pasulia yai la kisasa kwenye sahani nyeupe. Kwa yai ambalo halikurutubishwa, lile duara la njano ni seli moja, na limekuwa kubwa hivyo kwa sababu limejazwa akiba ya chakula. Ute mweupe na ganda si sehemu ya seli hiyo, mwili wa kuku umeviongeza njiani. Izungushe ile njano taratibu kwa kijiko mpaka uone doa dogo jeupe juu yake. Kiini cha seli kiko hapo.

3. Ukiwa na yai la kienyeji la kuku anayeishi na jogoo, lipasulie pembeni mlinganishe. Doa lake huwa pana zaidi, mara nyingi na duara kama pete. Seli ile moja imeshagawanyika ikawa maelfu kabla yai halijatagwa. Hapa watoto huwa wananyamaza kidogo, kisha wanaanza kuuliza maswali ambayo wazazi wao walikuwa wanayakwepa. Jibu kwa kadiri ya umri wao.

Kuna makosa matatu ya kawaida hapa. La kwanza: tumezoea kuita ile njano kiini cha yai, na muda si mrefu utataja kiini cha seli. Mtoto atadhani ni kitu kimoja. Wewe sema "ile njano" mpaka somo liishe. La pili: ule utando mweupe unaobanduka chini ya ganda si utando wa seli, ingawa wengi hufundisha hivyo. La tatu ni chungwa. Vile vijifuko vya maji ukimenya kipande cha chungwa si seli mojamoja. Kila kijifuko kimejengwa kwa seli nyingi.

Pili, kitunguu chini ya hadubini

Chagua muda wa mwanga mzuri, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Kama uko Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka na asubuhi ukungu unakaa hadi unapojisikia kuondoka, andaa taa ya meza au tochi ya akiba.

Onyo ambalo halina mjadala: kioo cha chini cha hadubini kielekezwe kwenye anga jeupe au ukuta mweupe, kamwe si kwenye jua lenyewe. Mwanga wa jua ukipita kwenye lenzi zile unaunguza jicho. Waambie watoto kabla hawajasogea mezani, na ukae karibu, kwa sababu yupo atakayejaribu.

1. Kata kitunguu robo nne. Kikundi kisizidi watoto wanne. Kila kikundi kitoe tabaka moja nono, si lile la nje kabisa lililokauka.

2. Vunjeni tabaka hilo katikati kwa vidole. Kwenye mpasuko, upande wa ndani uliobonyea, utaona ngozi nyembamba isiyo na rangi ikining'inia. Ishike kwa kibano, vuta polepole. Kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo kinatosha. Kikitoka na nyama ya kitunguu, tupa, vuta kingine. Robo ya kitunguu ina ngozi za kutosha hata kwa watoto wenye mikono mizito.

3. Weka tone moja la maji katikati ya slaidi, tandaza ngozi ndani ya tone, nyoosha mikunjo kwa sindano. Ngozi iliyokunjana ndiyo chanzo cha nusu ya malalamiko ninayoletewa.

4. Simamisha ukingo mmoja wa kioo cha kufunikia kwenye maji, kisha kilaze taratibu mpaka kifunike. Ukikidondosha kwa ghafla utafungia hewa. Maji yanayotoka pembeni yanyonye kwa karatasi ya chooni.

5. Zungusha hadubini kwenye lenzi fupi kuliko zote, iliyoandikwa 4. Weka slaidi. Ukitazama kwa pembeni, si kwa kuchungulia, zungusha skrubu kubwa mpaka lenzi na slaidi vikaribiane. Sasa chungulia, na uzungushe kinyume, kuvitenganisha, mpaka picha itokee. Anayefanya kinyume cha hapo huvunja slaidi, na mara nyingine hukwaruza lenzi, na lenzi ya kubadilisha hutaipata sokoni Mwanjelwa.

6. Hamia lenzi ya 10, rekebisha kwa skrubu ndogo. Lenzi ya jicho, ile unayochungulia, nayo ikiwa ya 10, unakuza mara 100. Inatosha. Ya 40 kwa kitunguu haikuongezei kitu kikubwa.

7. Waache watazame bila rangi kwanza. Wataona mistari, vyumba virefu vilivyopangana bila kuacha nafasi. Kwa urefu, seli kama tatu hadi tano za kitunguu zinaingia ndani ya milimita moja, kwa hiyo mwonyeshe mtoto milimita moja kwenye rula yake wakati huohuo.

8. Ndipo ulete iodini. Izimue kwa maji ifikie rangi ya chai ya rangi isiyokolea. Dondosha tone ukingoni mwa kioo na uweke karatasi ya chooni ukingo wa pili. Karatasi ikinyonya maji, iodini itavutwa ipite chini ya kioo. Subiri dakika mbili tatu, chungulia tena.

9. Sasa kila chumba kina kidoa cha manjano au kahawia. Hicho ndicho kiini. Waulize kiko wapi. Watakwambia kimejibana ukutani, na wewe hapo ndipo uwaeleze kwamba katikati pamejaa vakuoli, ambayo haionekani kwa sababu ni maji, lakini imekisukuma kiini pembeni.

10. Kila mtoto achore seli tatu tu, kubwa, zilizoshikana, alivyoziona. Akichora kloroplasti za kijani, muulize ameziona wapi. Tabaka hizi za kitunguu zimekulia gizani, hazina kijani. Mtoto aliyenakili kitabu anajulikana hapo.

Kuna swali ambalo huja karibu kila mara, na ni zuri kuliko yote: "Ticha, bado ziko hai?" Jibu ni kwamba kabla ya iodini, ndiyo, nyingi zilikuwa hai. Iodini imeziua. Usilikwepe, litawafaa sehemu ya chumvi.

Kama kuna fundi seremala karibu, na Mafinga na Njombe hawakosekani, chukua kipande cha mbao laini ya msindano, kilowanishe, kata kwa wembe unyoya mwembamba kabisa na uweke kwenye slaidi. Utaona vijumba vitupu, virefu, kuta bila kitu ndani. Mwingereza Robert Hooke mwaka 1665 aliangalia koki, yaani gamba la mti, akaona kitu cha namna hiyohiyo na kukipa jina lililotuletea neno seli. Alikuwa anatazama kuta za seli zilizokufa. Msitu wa Sao Hill ukikatwa, kinachopandishwa kwenye malori kwa sehemu kubwa ni kuta za namna hiyo.

Tatu, seli za shavu

Ukiwa na wanafunzi wenye kikohozi au mafua yanazunguka darasani, ahirisha. Kila mtoto ashike mate yake mwenyewe tu.

1. Mtoto asukutue kwa maji safi, ateme.

2. Achukue kijiti chake cha pamba, asugue ndani ya shavu taratibu mara kadhaa. Si kijiti cha meno chenye ncha, si ukucha, na wembe usiwe hata mezani wakati huu.

3. Apakaze pamba katikati ya slaidi, duara dogo. Kijiti kiingie hapohapo kwenye kopo la maji yenye dawa ya klorini ya kufulia. Kisirudi mezani.

4. Acha slaidi ikauke hewani. Usiipulize.

5. Zimua GV mpaka maji yawe ya zambarau nyepesi, unayoweza kusomea maandishi ukiyatazama kupitia glasi. Tone moja, dakika moja, kisha suuza kwa tone la maji na kunyonya. GV isiyozimuliwa hufunika kila kitu, na ikigusa shati la shule haitoki. Mama zao watakutafuta.

6. Weka tone la maji, funika, anza na lenzi ya 4, kisha 10. Ukishaipata seli, ndipo uende ya 40. Kabla ya hapo, punguza mwanga kwa kile kitundu chini ya jukwaa, yaani pale slaidi inapokaa. Seli hizi ni nyembamba na angavu. Mwanga mwingi unazifuta.

Zinaonekana kama vipande bapa vyenye kingo zisizonyooka, vingine vimekunjika upande, kimoja hapa kingine kule, kila kimoja na kidoa cha rangi karibu na katikati. Ni ndogo sana kuliko za kitunguu. Ukiona vijidoa vidogo mno vimetawanyika juu yake, ni bakteria wa kinywani. Ni wa kawaida, ila kipindi hicho mswaki unapata heshima mpya.

Wekeni michoro miwili pamoja sasa. Usihutubie. Uliza: ipi ina kona? Ipi zimepangana kwa safu? Ipi ukiigusa ingebadilika umbo? Watoto wenyewe watalifikia suala la ukuta. Wasipolifikia, waulize mahindi yanasimamaje wima bila mifupa.

Nne, chumvi

Sehemu hii wengi huiruka, nami naiona ni nzuri kuliko zote, kwa sababu utando, ambao haujaonekana mpaka sasa, unajitokeza.

1. Chukua lile tabaka jekundu la kitunguu. Safari hii unataka ngozi ya nje, yenye rangi. Ni ngumu kubandua. Mtu mzima akate unyoya mwembamba kwa wembe na kuuinua kwa kibano.

2. Weka kwenye maji matupu, funika, tazama kwa lenzi ya 10. Seli zimejaa zambarau kutoka ukuta hadi ukuta.

3. Koroga kijiko cha chai cha chumvi kwenye nusu kikombe cha maji. Dondosha ukingoni mwa kioo, vuta kwa karatasi upande wa pili kama ulivyofanya na iodini. Mtoto mmoja aendelee kuchungulia muda wote, na atangaze anachokiona.

4. Ndani ya dakika chache zambarau inaanza kujikunja, inaachana na kona, inakuwa fumba dogo katikati. Ukuta umebaki palepale. Ukingo wa lile fumba ndiko uliko utando. Maji yametoka ndani kwenda kwenye chumvi.

5. Rudisha maji matupu kwa njia ileile. Ukiwahi, zambarau itajaa tena.

Usitumie iodini hapa. Seli zikishakufa hazifanyi hivi, na utakaa unasubiri mpaka kengele ilie.

Asiye na hadubini akate vipande viwili vya kiazi mviringo, vyembamba na vinavyolingana. Kimoja akitie kwenye maji matupu, kingine kwenye maji ya chumvi, aviache saa moja hivi. Cha kwanza kitakuwa kigumu, ukikipinda kinavunjika. Cha pili kitalegea. Kiazi hichohicho ukikidondoshea iodini kavu kavu, bila kuizimua sana, kitageuka bluu iliyokaribia nyeusi. Hiyo ni wanga iliyohifadhiwa ndani ya seli, na kwa watu wa Uporoto ndiyo biashara yenyewe.

Kwa wanaotaka kijani: kwenye matofali yenye unyevu, upande usiopigwa jua, huota mimea midogo laini ya kijani inayofunika ukuta. Ng'oa kijimea kimoja, chukua jani moja kwa kibano, weka kwenye tone la maji. Jani hilo kwa sehemu kubwa lina unene wa seli moja tu, kwa hiyo hukati chochote, na kloroplasti utaziona zimejaa, chembe za mviringo za kijani. Ni slaidi rahisi kuliko zote, na ni bure.

Tano, kielelezo cha kushika

Kifanyike baada ya kuona, si kabla. Mfuko angavu wa mkate ni utando. Ujaze uji mwepesi uliopoa, ndio saitoplazimu. Gololi moja ni kiini. Tia punje chache za maharage kuwa mitokondria (sasa unaweza kulitaja jina, na umbo lake linakubali). Funga kwa uzi. Hiyo ni seli ya mnyama. Ya mmea ina hayo yote, ongeza njegere za kijani kuwa kloroplasti, puto lenye maji kuwa vakuoli, kisha mfuko wote uingie kwenye boksi linaloubana. Waambie watoto wapange seli za mmea juu kwa juu, halafu wajaribu za mnyama.

Kosa la kawaida ni kufanya boksi liwe *badala ya* mfuko. Seli ya mmea ina vyote viwili.

Mambo yakigoma

*Ni giza tupu.* Lenzi haijakaa sawa. Izungushe mpaka isikike inajifunga. Kama bado, geuza kioo cha chini, kisha angalia kama kitundu cha mwanga kimefungwa.

*Naona miduara myeusi mizuri sana.* Ni hewa. Povu la hewa ni duara kamili lenye ukingo mnene mweusi. Watoto wengi huchora povu kwa uangalifu mkubwa. Gusa kioo kwa ncha ya penseli, ukiona miduara inakimbia, ndiyo yenyewe.

*Mistari imepandana, haieleweki.* Ngozi imejikunja au ni nene. Vuta nyingine.

*Kila kitu ni kahawia.* Iodini imezidi. Pitisha maji matupu chini ya kioo.

*Nasogeza slaidi kulia, picha inakwenda kushoto.* Ndivyo ilivyo, haijaharibika.

*Ninachokiona hakisogei hata nikisogeza slaidi.* Uchafu uko kwenye lenzi ya jicho. Futa kwa kitambaa laini kikavu cha pamba, si kwa shati.

*Seli za shavu sizipati.* Mara nyingi umeanza na lenzi ya 40, au mwanga ni mwingi, au mtoto amepapasa tu badala ya kusugua. Rudi kwenye 4, tafuta palipo na rangi.

*Picha inafifia kila mtoto akichungulia.* Mwezi wa sita na wa saba, kwa baridi ya Mbeya na Makete, pumzi inaganda kwenye lenzi ya jicho. Mtoto afunge skafu puani, au afunge mdomo na kupumua pembeni.

*Zamu ni ndefu, watoto wanagombana.* Egemeza kamera ya simu kwenye lenzi ya jicho, isogeze taratibu mpaka duara la mwanga lijae, piga picha. Picha zitumike wakati wa kusubiri. Kila mtoto bado apate kuchungulia kwa jicho lake.

*Kiazi hakigeuki bluu.* Iodini ni ya zamani au umeizimua mno.

*Picha ina utando wa nyuzi hata lenzi ikiwa safi.* Hiyo ni kuvu imeota ndani ya lenzi, ugonjwa wa hadubini zinazofungiwa na unyevu, hasa Rungwe. Usiifungue mwenyewe, mpelekee fundi wa vifaa vya maabara. Iliyobaki nzima ihifadhi mahali pakavu, na ile nailoni ivue mpaka hadubini ikauke kabisa, ndipo uifunike.